Zawadi ya Kufungua Akaunti: Nani Anailipia?



Majira ya mavuno yanapofika katika Nyanda za Juu Kusini, mkulima wa viazi wa Uporoto na yule wa mahindi wa Isimani hushika kwa wiki chache tu fedha zinazopaswa kulipia ada, mbolea na matibabu ya mwaka mzima. Ni wakati huo huo anapoweza kufikiwa na watu wanaomshawishi afungue akaunti mpya, kwa ahadi ya fulana, kofia au kiasi cha fedha. Kabla hajatia saini, yampasa aulize: zawadi hii inatoka wapi?

Wazee wetu hawakuyajua mambo haya. Baada ya mabenki kutaifishwa mwezi Februari 1967, Benki ya Taifa ya Biashara haikuwa na mshindani wa kuitia hofu, wala haja ya kumbembeleza mtu. Sheria ya mwaka 1991 ndiyo iliyowafungulia mlango wenye mabenki binafsi, na tangu hapo mteja hutafutwa. Jambo hilo peke yake si baya. Benki huishi kwa amana zetu: huzikopesha, hupata riba, tena hututoza ada. Ndiyo maana huko Marekani mabenki mengi humlipa mteja mpya hata mamia ya dola, kwa sharti kwamba mshahara wake upitie kwao, au aache kiwango fulani cha fedha kwa muda uliowekwa. Hiyo si sadaka, ni bei. Anayetimiza masharti huipokea kwa haki. Asiyeyasoma huweza kuirudisha yote kwa njia ya makato.

Hata hivyo, pupa ya kutafuta wateja huzaa uovu. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya huko huko Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185, baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake, wakibanwa na malengo ya mauzo, walifungua akaunti nyingi bila ridhaa ya wateja.

Kwetu hatari iliyo kubwa zaidi huja kwa sura nyingine. Wengi bado wanaikumbuka DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu, nao watavuna maradufu. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani viongozi wake, ambao walikuwa wachungaji. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa waumini waliamini kwa sababu ya aliyesema, wala hawakuchunguza kilichosemwa. Ule ulikuwa upatu: aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyefuata. Rahisi huvunja upishi.

Na hata benki halali yaweza kuanguka. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu iliifunga Benki ya Wananchi Njombe, jirani zetu, pamoja na nyingine nne, kwa upungufu wa mtaji. Mwenye amana alilindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 1,500,000. Baadaye kiwango hicho kilipandishwa hadi 7,500,000. Lakini fedha zilizotiwa katika upatu hazina bima yoyote.

Basi tunawasihi wasomaji wetu waulize mambo manne. Je, chombo hiki kina leseni ya Benki Kuu? Je, nalipwa kwa fedha za benki, au kwa fedha za wale nitakaowaleta? Je, ni sharti gani nitimize, na makato ya kila mwezi ni kiasi gani? Je, akaunti hii nitaitumia mimi mwenyewe? Swali hili la mwisho ni zito, kwa kuwa wapo wanaomlipa kijana shilingi chache afungue akaunti kwa kitambulisho chake, kisha wamkabidhi tapeli. Siku polisi wanapokuja, huja na jina la kijana huyo.

Viongozi wa vyama vya ushirika na wa jumuiya, msiruhusu mtu awakusanye watu wenu kabla hamjapata majibu. Mnyonge akipoteza akiba yake, mtoto wake ndiye anayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kumwonya mapema ni haki yake, na ni wajibu wetu.