Shamba Anapalilia Nani?

Mwezi huu naungama. Mwaka jana mwenzangu aliniomba laki tatu kutoka kwenye zile hela zetu za kiwanja. Alitaka kuwalipa waigizaji watano nauli na chakula kwa wiki mbili, wafanye mazoezi ya mchezo wa kuigiza ambao yeye mwenyewe alikiri haujaisha. Nikamwambia, "Ukiisha nitanunua tiketi mbili za mbele kabisa." Nikaona nimejibu kwa upendo. Siku tatu tulilala mzungu wa nne.

Na mwezi huohuo nilikuwa nimechangia harusi, kadi ya watu wawili, kwa bibi harusi ambaye hata jina la baba yake silijui!

Mchezo wenyewe ni wa kwao, Tabora. Unamhusu mke wa mpagazi wa karne ya 19, enzi ambazo vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, safari ya miezi, na kijana aliyefika pwani akarudi aliheshimika. Mume anaondoka, mke anabaki. Niliusoma peke yangu kitandani, nikauona mtamu, hata chozi likanitoka.

Desemba tukaenda Tabora kusalimia. Asubuhi moja mvua ilipokatika, mwenzangu akagawa karatasi chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Binamu yake akawa mpagazi, mimi nikawa mke, mdogo wake wa sekondari akawa kiongozi wa msafara na kufurahia kutuamrisha. Shangazi alikuwa kwenye kigoda anachambua mboga, nikajua hasikilizi. Nikafika pale ninapolia. Nikalia kweli, si utani.

"Mkwe, hebu ngoja," akanikatisha. "Huyu mwanamke analia kurasa kumi. Mvua zimeanza. Shamba anapalilia nani?"

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Mwenzangu hakucheka. Shangazi naye ndiyo kwanza alikuwa anaanza: wanawake wengine walifuatana na waume zao kwenye misafara, vyungu kichwani, waliobaki walilima, na nyumba ilikula jasho lao. Usiku ule mwenzangu alifuta kurasa saba. Asubuhi kulikuwa na mwanamke mwingine kabisa, ana jembe na ana mdomo.

Hapo ndipo nilipoelewa zile laki tatu zilikuwa za nini. Mimi nimesomea mawasiliano chuo kikuu, lakini sikujua kwamba mchezo hauonyeshi ulipolegea mpaka mtu autamke mbele ya mtu mwingine. Majirani zao Wasukuma wanalijua hilo tangu zamani. Vikundi vya Bagika na Bagalu vina manju wao wanaotunga nyimbo mpya, wachezaji wanazifanyia mazoezi, ndipo baada ya mavuno wanashindana kuvuta umati. Anayekwenda uwanjani bila mazoezi atabaki anajichezea mwenyewe. Kulekule Usukumani, kijijini Malya, mwaka 1982 na 1983 Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijenga maigizo pamoja na wanakijiji kutokana na matatizo ya pale pale, mimba za wanafunzi zikiwemo. Na mwaka 2010 taasisi ya Sundance ya Marekani iliweka kambi kisiwani Manda, jirani na Lamu, ili waandishi wa Afrika Mashariki wakae na waongozaji na waigizaji, wakihangaika na michezo ambayo haijaisha.

Haijaisha! Neno lilelile lililonifanya nibane hela. Wenzetu walilipia siku za kukosea. Mimi nilikuwa tayari kulipia usiku mmoja tu, wa makofi, nimevaa gauni jipya.

Laki tatu nimetoa. Kiwanja kimesogea mbele kidogo na mama yangu hajaambiwa (mama, kama unasoma ukurasa huu, tutaongea). Waigizaji wanakutana sebuleni kwetu, wanamaliza sukari, na jirani ameshalalamika mara mbili. Mwenzangu bado ananuna akiambiwa sehemu fulani imepoa, ila siku hizi ananuna huku anaandika.

Shangazi anapiga simu kila Jumapili. Salamu zetu anazipitia harakaharaka, halafu anauliza kama yule mwanamke ameshavuna.