Mlango Mmoja kwa Watu Mia

Yasemwa katika vyuo vyetu kwamba mtu aliyepata shahada ya udaktari wa sayansi, kisha akaiacha maabara akashika kazi nyingine, amepotea. Neno hili si kweli, na walisemao hawana budi kujibiwa.

Kwanza, hesabu yawakanusha. Mwaka 2010 Royal Society ya Uingereza ilitoa makadirio ya njia wazipitazo madaktari wa sayansi wa nchi ile. Katika kila 100, watu 53 hutoka katika sayansi mara wapatapo shahada. Wapatao kazi ya kudumu ya uchunguzi katika vyuo vikuu hawatimii 4. Na afikiaye cheo cha profesa hatimii hata 1. Kama hao wote wamepotea, basi mwenye kosa ni aliyewaonyesha njia.

Uingereza si mbali nasi kwa jambo hili. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na huko ndiko tulikorithi desturi ya kumfunga mwanafunzi kwa swali moja, miaka mitatu au zaidi, hata aandike kitabu kisomwacho na watahini wachache.

Siidharau desturi hiyo. Yafundisha subira, uaminifu wa kipimo na ushujaa wa kukiri kosa, na hizo ni mali za kila kazi. Wangari Maathai alipata udaktari Nairobi mwaka 1971 kwa elimu ya viungo vya wanyama. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement ya kupanda miti. Mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Nani atathubutu kusema alipotea? Lakini kuongoza watu, kutunza fedha na kusema na mkulima kwa lugha aijuayo havionekani kwa darubini. Mwanafunzi wetu huviokota njiani, akibahatika.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Mwalimu amwambie mwanafunzi ukweli siku ya kwanza, asingoje siku ya mahafali. Na chuo kimpeleke, kabla hajamaliza, akae miezi kadhaa kiwandani, hospitalini au shambani, kisha aueleze uchunguzi wake kwa Kiswahili mbele ya wasio wanasayansi.

Watajibu kwamba muda hautoshi. Je, muda wa kumtayarisha kwa kazi asiyoipata ulitoka wapi?