Pafyumu inayodumu na mtoto mwenye pumu

Umesimama dukani. Mkono mmoja umeshika Terre d'Hermès ya mwaka 2006, ile iliyoandikwa eau de toilette; mwingine umeshika ndugu yake wa 2009, iliyoandikwa parfum. Zote zinaanza na harufu ya chungwa na kuishia kwenye harufu ya mbao. Umenusa mpaka pua imechoka, na muuzaji anakushauri uchukue ya pili kwa kuwa ni nzito zaidi na inadumu.

Kama una mtoto mwenye pumu, hapo mimi daktari ningekushika mkono. Harufu inayodumu shatini hadi jioni ndiyo utakayorudi nayo nyumbani, na ndiyo mtoto atakayoivuta ukimpakata. Harufu kali inaweza kumbana kifua, hata iwe ya bei gani. Chukua nyepesi, jipulizie kidogo, mbali na chumba anacholala. Akikohoa au kifua kikitoa mlio kila unapojipulizia, achana na zote mbili. (Akina mama msicheke. Udi na ubani pia ni moshi.)

Halafu kuna ngozi yako. Soma boksi: sheria ya Ulaya inawataka watengenezaji waandike viungo kadhaa vinavyojulikana kuleta mzio, na kwenye manukato ya machungwa mara nyingi utakuta limonene na linalool. Limonene hutoka kwenye maganda ya machungwa. Ikiwa mpya haina ukorofi mkubwa, lakini ikikaa na hewa muda mrefu hugeuka kemikali zinazochokoza ngozi zaidi. Kwa hiyo chupa ya zamani iliyosahaulika kwenye dashibodi ya gari usiionee huruma. Na ile ya kupimiwa mtaani kwa jina hilohilo haina boksi wala orodha. Siwezi kukutetea nayo.

Kama ngozi yako huwashwa kirahisi, omba kichupa cha majaribio. Paka kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, palepale, mara 2 kwa siku kwa siku 7. Usijaribie kidevuni ulipotoka kunyoa. Pakiwasha au kutoa vipele, acha, maana mzio wa ngozi ukishaingia kwa kawaida hauondoki: kesho utawashwa na sabuni au losheni yenye kiungo hichohicho.