Mkataba wa migodi bila ukaguzi haulindi hisa

Mei 2014, wachimbaji 301 walikufa katika mgodi wa makaa ya mawe wa Soma, Uturuki. Mwaka uliofuata nchi hiyo iliridhia Mkataba Na. 176 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), unaotaka migodi ikaguliwe na mfanyakazi awe na haki ya kuondoka mahali pa hatari.

Hata hivyo, Oktoba 2022 mlipuko wa Amasra uliua zaidi ya wachimbaji 40. Februari 2024, lundo la mawe ya dhahabu liliporomoka katika mgodi wa Çöpler na kufukia wafanyakazi 9. Siku hiyo hiyo hisa za SSR Mining, mmiliki mkuu wa mgodi huo wakati huo, zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake sokoni. Uzalishaji ukasimama.

Kuridhia mkataba ni jambo moja, kuutekeleza ni jingine. Mwekezaji mdogo anayevutiwa na hisa za madini hana budi kuuliza: wakaguzi wanafika mgodini? Taarifa zao zinatangazwa? Mchimbaji akikataa kushuka shimoni kwa sababu ya hatari, anabaki na kazi yake? Pasipo majibu, hisa ya bei ndogo inaweza kuwa ghali kuliko zote.