Kuamua Kabla ya Uhakika: Funzo la Kifua Kikuu cha Watoto

Tuseme mtoto wa miaka 3 ameletwa kituoni na mama yake. Anakohoa kwa wiki ya tatu sasa, na kadi ya kliniki inaonyesha kwamba uzito wake umeshuka. Dawa aliyopewa awali haikumsaidia. Baba yake alianza matibabu ya kifua kikuu mwezi uliopita. Majibu ya maabara yamerudi: vimelea havikuonekana. Je, mhudumu aanze dawa, au asubiri?

Wapo wanaoamini kwamba kuanza tiba bila uthibitisho wa maabara ni kubahatisha. Kwa maoni yangu, imani hiyo, ijapokuwa ina nia njema, humponza mtoto. Mtoto mdogo hatemi makohozi, huyameza. Hata sampuli ikipatikana, kwa mpira unaopitishwa puani hadi tumboni au kutoka kwenye choo chake, vimelea kwa kawaida ni vichache mno na kipimo huweza kuvikosa. Kwa hiyo "havikuonekana" si sawa na "hana ugonjwa". Anayengojea uthibitisho huenda akangojea kisichokuja, ilhali kwa watoto wadogo ugonjwa huu huweza kuenea upesi hadi kwenye utando wa ubongo.

Kwa kulitambua hilo, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu wa hatua kwa hatua wa kuamua tiba kwa watoto walio chini ya miaka 10 wenye dalili za kifua kikuu cha mapafu. Dalili hupewa alama. Eksirei ikiwapo hutumika, isipokuwapo uamuzi hufanyika bila hiyo. Mtoto ambaye dalili zake haziondoki, na aliyekuwa karibu na mgonjwa katika miezi 12 iliyopita, anaweza kuanzishiwa dawa hata kipimo kisipoonyesha kitu. Lakini utaratibu huohuo unajua pia kusubiri: mtoto asiye katika hatari kubwa hutibiwa kwanza maradhi mengine yanayodhaniwa zaidi, kisha hutazamwa tena baada ya wiki 1 hadi 2.

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kazi ya mhudumu ni kutambua ipi inamhusu mgonjwa aliye mbele yake. Ajiulize: nikikosea kwa kutibu, madhara ni yapi? Na nikikosea kwa kusubiri? Miezi kadhaa ya dawa ni mzigo kwa familia, lakini mzigo huo hutulika. Ubongo ulioharibiwa na ugonjwa haurudi ulivyokuwa. Kusubiri nako ni uamuzi, nako kuna gharama yake.

Limebaki jambo ambalo wengi wetu hulikwepa: kumwambia mzazi kwamba hatuna uhakika. Tunaogopa kupoteza heshima. Matokeo yake, mama anayeambiwa kwamba kipimo hakina kitu, kisha akapewa dawa za miezi mingi, huona amechanganywa, na pengine huziacha njiani. Ni heri kumweleza waziwazi: "Mama, kipimo hakikuonyesha vimelea, lakini kikohozi, uzito na ugonjwa wa baba yake vinatuelekeza kwenye kifua kikuu. Tutaanza dawa leo. Baada ya mwezi mmoja tutampima uzito tena; asipopata nafuu, tutatafuta sababu nyingine." Maneno hayo hayapunguzi heshima, humfanya mama kuwa mshiriki wa tiba.

Kisha sababu hizo ziandikwe kwenye faili: kilichojulikana, kilichokosekana na tarehe ya kuutazama upya uamuzi. Mwenzetu wa zamu inayofuata asikute dawa tu bila hoja yake. Nawe mzazi, usione haya kuuliza: ni nini ambacho hakijajulikana, na turudi lini? Mhudumu aliyepima mambo kwa uangalifu atakuwa na majibu ya maswali yote mawili.