Sinia la marehemu mama mkwe

Wiki hii msinicheke jamani. Nimeumbuka kwa ajili ya sinia.

Lile banda langu la uani mnalijua, ninapokarabatia majiko ya majirani. Basi Jumamosi moja mama watoto kaenda kwenye kicheni pati, nikaona nimshtukize. Analo sinia la stenlesi aliloachiwa na marehemu mama yake, limefifia kwa mikwaruzo ya miaka. Nikachukua grenda, ile ile niliyomalizia grili za dirisha, nikalipitisha juu, nikaligeuza na chini. Cheche tupu! Nikajiona fundi.

Aliporudi aligeuza chini kwanza. Kumbe marehemu alikwangua jina lake pale kwa msumari, si mnajua tena vyombo vya kuazimana shughulini, bila alama havirudi. Herufi sita, zimebaki mbili. Hakunigombeza. Kalifunga kwenye kanga, kaliweka juu ya kabati. Heri angenigombeza.

Siku chache baadaye nikachungulia: vidoa vya kutu! Stenlesi na kutu wapi na wapi? Mbio hadi Gerezani kwa mzee mmoja wa kazi hizo. "Hilo jiwe la grenda ulisagia nini kabla?" Chuma cha kawaida, mzee. Akatikisa kichwa.

Stenlesi ina madini ya kromiamu, angalau asilimia 10.5, ambayo yakikutana na hewa hujifunika utando mwembamba usioonekana. Huo ndo unaozuia kutu. Jiwe lililokula chuma cha kawaida huacha punje zake juu, na punje ndizo zinazoota kutu. Stili waya nayo ni hivyo hivyo, kina mama mnisikie.

"Halafu unadhani mng'ao unapakwa?" akaniuliza. "Unaukwangua, kijana wangu. Unafuta mikwaruzo mikubwa kwa midogo mpaka jicho lisiione." Nikazikumbuka zile herufi nne, tumbo likanikata.

Nikanunua msasa mpya wa maji: namba 120, halafu 240, 400, 800, 1200. Kila ukibadili namba unabadili na mwelekeo, huu kwa urefu, unaofuata kwa upana, na huhami mpaka mistari ya kwanza imekwisha yote. Mimi nikajitia ujanja, nikairuka 400. Kufika mwisho mistari ikaniumbua juani, nikarudi nyuma na aibu yangu.

Kinachomalizia ni gurudumu la kitambaa na ile sabuni ngumu ya kijani. Hapa msifanye mzaha. Ukingo wa sinia usiuelekeze linakotokea gurudumu, litakupokonya likurudishie tumboni. Vaa miwani, na shati la mikono inayoning'inia livue.

Jioni nne, vidole vimekufa ganzi. Juu unaweza kujitazama ukachana nywele. Chini nimesugua kwa mkono tu, nikizizunguka zile herufi mbili kama mtu anayezunguka kaburi. Kutu iliyokuwa jirani nazo niliitoa kwa limau na kitambaa laini.

Nikampelekea. Akaligeuza chini kwanza, tena. Akapitisha kidole pale, akaenda nalo ndani, kimya.

Jana nimerudi kazini nikalikuta chini kwenye mkeka. Anachagulia mchele.