Injini Isiyo na Bei

Ukitembea Kariakoo kutoka Msimbazi hadi Gerezani, swali utakalolisikia kuliko yote ni hili: “Bei gani?” Ni swali la haki. Machinga aliyeamka saa kumi alfajiri na mama lishe aliyebeba sufuria zake wote wanaishi kwa jibu lake. Tangu 2025 umezinduliwa hata mpango wa kufanya biashara saa 24, kwa hiyo swali hilo sasa halilali. Leo, siku ya Bwana, napenda tutafakari kitu kisichokuwa na jibu la swali hilo: injini ndogo ya mvuke, iliyotengenezwa kwa mikono, inayofanya kazi kweli, na ambayo mwenyewe hana nia ya kuiuza.

Nasema hivi kwa sababu mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo alinijia akiwa na uchungu. Mume wake ni fundi mstaafu. Kila jioni huingia uani na vipande vya bomba la shaba alivyookota kwenye vyuma chakavu, akapiga tupa, akapima, akalehemu, mpaka usiku. Anaunda injini ya treni ambayo unaweza kuipakata. “Baba Paroko,” aliniuliza, “mzee mzima kuchezea midoli wakati kodi ya nyumba haijalipwa, hivi si dhambi?”

Swali la mama huyo si la kubezwa, na nitalirudia. Lakini kwanza tuielewe kazi yenyewe.

Watu wanaounda injini hizi wapo sehemu nyingi za dunia. Uingereza walianzishiwa jarida lao, Model Engineer, mwaka 1898. Fundi huchukua mashine ya kweli, akaipima, kisha akaiunda upya kwa udogo, tuseme sehemu moja kwa kumi. Boila huwa ya shaba nyekundu, kwa sababu inapitisha joto vizuri na inakubali kulehemiwa. Chini yake huwekwa moto wa spiriti, gesi au makaa. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke huo unahitaji nafasi kubwa mara 1,600 hivi kuliko maji yaliyouzaa. Ukibanwa, unasukuma. Unaingia kwenye silinda, unaisukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu. Juu ya boila huwekwa vali ya usalama, ili mvuke ukizidi utoke wenyewe kabla haujapasua chombo. Na kabla ya moto wa kwanza, fundi mwenye busara hujaza boila maji baridi na kuyasukuma kwa pampu mpaka shinikizo lifike mara mbili ya lile la kazi. Ikiwa kuna udhaifu, maji yatavuja tu. Mvuke ungeua mtu.

Kwetu historia ya mvuke haiko mbali. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikapita bandari yetu na reli hiyo, na kuunganishwa upya Kigoma, ambako iliingia majini 1915. Ilitembea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli. Ukienda Nairobi, kwenye makumbusho ya reli, utaikuta injini kubwa ya mvuke iliyopewa jina la mlima wetu wa Gelai, ulio karibu na Ziwa Natron. Leo treni ya umeme inakwenda Morogoro na Dodoma, tangu 2024, na kijana wa Gerezani anaweza kuzeeka bila kusikia mlio wa mvuke. Yule mzee uani kwake anatunza kumbukumbu ambayo wengi tumeiacha ipotee.

Lakini sikuandika ili nisifie mambo ya kale. Naona mafundisho matatu katika kazi hii.

La kwanza ni ukweli. Iko mifano mizuri ya injini inayowekwa kabatini: ina rangi, ina magurudumu, ila ndani hamna kitu. Mfano unaofanya kazi ni jambo jingine. Silinda ikiwa na mkwaruzo, mvuke utapita pembeni. Tundu likikosewa kwa unene wa unywele, pistoni itakwama. Injini haipokei rushwa wala haijali wewe ni mtoto wa nani. Sisi tunaoishi katikati ya bidhaa feki, ambapo nembo inasema hivi na kitu chenyewe kinasema vile, tunahitaji shule kama hiyo. Mtume Yakobo alifundisha kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Nadhani fundi wa injini ndogo anamwelewa Yakobo haraka kuliko baadhi yetu tuliosoma teolojia miaka mingi.

La pili ni unyenyekevu. Ukipunguza urefu wa kitu mara kumi, eneo la ngozi yake hupungua mara 100, lakini ujazo wake hupungua mara 1,000. Maana yake boila na silinda ndogo zina ukuta mwingi kwa tumbo dogo, na hivyo hupoteza joto upesi kuliko zile kubwa. Uumbaji wa Mungu haukubali kupunguzwa kwa rula tu. Majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764, Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa James Watt mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze. Ulikuwa kifaa cha kufundishia, na ulipiga mapigo machache tu kisha mvuke ukaisha. Wengine wangesema mdoli umeharibika, wautupe. Watt aliuliza kwa nini. Alitambua kwamba silinda ilikuwa ikipozwa na kupashwa moto upya kila pigo, na mvuke mwingi ulipotea hapo. Jibu lilimjia mwaka 1765 akitembea kwenye uwanja wa Glasgow Green: mvuke upozwe katika chombo kingine, pembeni ya silinda. Yalikuwa matembezi ya Jumapili, siku ambayo desturi ya Waskoti ilikataza kazi. Mapinduzi makubwa ya viwanda yalipata msukumo wake kutoka kwenye mfano mdogo wa darasani, na kutoka kwa mtu aliyekuwa amepumzika.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni Sabato. Mungu alipomaliza kuumba aliitazama kazi yake, akaona ni njema, akapumzika. Hakuuza. Zaburi ya 104 inaitazama bahari, inaziona merikebu zikienda na shughuli zao, kisha inamtaja Lewiathani, ambaye Mungu alimuumba acheze humo. Bahari ile ile ina biashara na ina mchezo, na vyote viwili vimo katika sifa za Muumba. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamweleza mfua chuma karibu na fuawe: moto unamchoma ngozi, nyundo inamziba masikio, na macho yake yamekazwa kwenye mfano wa kitu anachokitengeneza. Kisha anahitimisha kwamba watu wa namna hii ndio wanaoutegemeza ulimwengu, na kwamba kazi ya mikono yao ni sala yao.

Wako watakaosema mambo hayo ni ya matajiri wa Ulaya. Sikubaliani nao. Mtoto wa kwetu ambaye hajawahi kununuliwa mdoli ameunda gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu, au lori la kopo la mafuta na matairi ya kandambili. Fundi wa Gerezani anachukua bati lililotupwa akatoa koroboi, jiko na sanduku la safari. Kipaji kipo. Kinachokosekana ni ruhusa ya kukitumia hata siku ambapo hakuna mteja. Mwaka 1948, Ujerumani ikiwa bado magofu ya vita, mwanafalsafa Mkatoliki Josef Pieper alichapisha kitabu kilichotetea mapumziko, wakati kila mtu alikuwa akisema huu si wakati wa kupumzika, ni wakati wa kujenga. Hoja yake inatuhusu sisi tunaosema tutapumzika tukishapata. Mtu aliyesahau kufanya jambo kwa sababu tu ni jema atasahau pia kusali, kwa maana sala nayo haina bei.

Katika historia ya Kanisa yupo padre aliyelijua hili. Ferdinand Verbiest, Mjesuiti kutoka nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alitumikia Beijing katika enzi ya Mfalme Kangxi. Katika kitabu chake kilichochapishwa 1687 alieleza kigari kidogo, urefu wake futi mbili hivi, chenye makaa na chombo cha kutoa mvuke uliopiga pangaboi na kuyasukuma magurudumu. Kilikuwa mdoli, karibu miaka mia moja kabla Watt hajapata hakimiliki yake ya 1769. Mmisionari huyo hakuona kwamba mchezo wa akili na mikono ni adui wa Injili.

Sasa nirudi kwa mama wa jumuiya. Nilimwambia kwamba analo la haki. Mungu hapokei sadaka inayoibwa kutoka kwenye sahani ya watoto. Ikiwa shaba inanunuliwa kwa pesa ya kodi, au mzee hana muda wa kula na familia yake, basi injini hiyo imekuwa sanamu, na sanamu ndogo ni sanamu vilevile. Mume anapaswa kuketi na mkewe, waafikiane kiasi cha fedha na jioni ngapi kwa wiki. Ila nilimwomba naye jambo moja: aende uani siku moja, akae, amuulize mumewe kila kipande kinafanya nini. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi kisha akaambiwa amestaafu, mara nyingi huambiwa pia, bila maneno, kwamba hana tena thamani. Huenda pale uani anajibu kauli hiyo kwa njia pekee anayoijua.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa wakibeba mizigo ya vita ambayo haikuwa yao. Walihesabiwa kwa uzito waliobeba. Mtaa wenye jina hilo ungepaswa kuwa wa kwanza kukataa kwamba mtu ni sawa na mzigo wake, au na mauzo yake ya siku.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. Wazazi, mtoto akileta gari la waya msimwambie aache upuuzi akasome. Mwulizeni usukani unafanyaje kazi, kwa maana hapo tayari anasoma. Maparoko wenzangu, tuna kumbi zinazokaa tupu siku za wiki: tuweke meza, jiliwa na tupa chache, na tuwaombe mafundi wastaafu wakae na vijana. Wakifika kwenye boila, ipimwe kwa maji baridi kwanza, na mtu mzima awepo. Na ninyi wafanyabiashara wa Kariakoo, ninaowaheshimu kwa jasho lenu, tafuteni walau saa moja leo ya kufanya kitu kwa mikono yenu bila kukiuza: kupanda ua, kushona, kukarabati kiti cha bibi. Kisha mkitazame, mseme ni chema.